Mtungi wa Pili wa Kavughe

Mjomba wangu Danieri ni mtu wa kuudhi. Ukimuuliza swali Jumamosi, atakujibu Jumamosi ijayo, na katikati atakuwa amekupa chai mara tatu na kukuuliza habari za wanafunzi wako. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Kasese. Nimezoea majibu ya papo hapo, hata yakiwa ya makosa. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba ninayoyasimulia sikuyaelewa yalipokuwa yakitendeka, na nilipokuja kuyaelewa nilikuwa nimeshamkosea.

Alizaliwa Kilembe, kwenye nyumba za kampuni ya machimbo, babu yangu akiwa mchimbaji wa shaba. Yeye hakushuka chini ya ardhi. Alipofika miaka kumi na saba alipelekwa kwenye karakana ya kusubu, mahali walipoyeyusha shaba na bronzi na kuzimimina katika kalibu za mchanga ili kupata vipuri vya mashine. Machimbo yalipofungwa, wenzake waliondoka na vitanda, milango, hata mabati. Danieri aliondoka na magunia mawili ya mchanga. Watu walimcheka mpaka wakachoka, maana ni nani mwenye akili anayehama na mchanga? Lakini ule ulikuwa mchanga wa kalibu, laini na wenye mafuta ya miaka mingi, na ndio uliomlisha yeye na mkewe Tabisa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alisubu kengele za makanisa ya vijijini, sufuria, na vipuri vya mashine za kusaga mahindi.

Kisha mto Nyamwamba ukafurika ukamchukua Tabisa, alipokuwa akifungua mbuzi ili wasizame. Mbuzi wawili waliokotwa wakiwa hai. Tabisa hakuonekana tena.

Kwetu sisi Bakonzo, mwili usipopatikana huzikwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba, likavikwa sanda, likalazwa kaburini, na watu wakalia kama inavyopasa. Baada ya hapo aliyefiwa huwa amefiwa kweli. Mjomba alikataa. Miezi saba wazee wa ukoo walimwendea na kurudi, yeye akiwatengenezea chai. Mwishowe alikubali, tukazika, na mwezi uliofuata akahamia Bwera kwenye kiwanja cha mama yangu, karibu na mpaka wa Kongo. Aliwahi kuniambia maneno machache tu juu ya jambo hilo.

"Watu inasema Tabisa alikufa siku ya mafuriko," alisema. "Hapana. Alikufa ile siku tulizika mugomba."

Mwaka jana, Jumamosi moja nilipokuwa nimekwenda kumsalimu, aliingia karakanani mwanamke wa Kikongo amebeba kitu mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Tulimpisha kwa heshima inayopewa mama mwenye mtoto aliyelala. Alipofungua kitenge, ukatoka mtungi wa maua.

Nimeona vitu vya bronzi kwa mjomba maisha yangu yote, lakini kama ule sijauona. Ulikuwa na urefu wa mkono wangu toka kiwikoni hadi vidoleni, mweusi wa kukolea, na pale ulipong'arishwa ukawa na rangi ya asali. Mashikio yake yalikuwa mizabibu iliyosokotana. Kila upande ulikuwa na uso wa mzee mwenye ndevu nyingi, majani kichwani, vichala vya zabibu masikioni, na vipembe viwili vifupi kwenye paji la uso. Mjomba aliuzungusha polepole.

Mwanamke huyo aliitwa Wivine. Alikuwa mkimbizi kutoka Kavughe, kijiji kidogo upande wa Beni, na mumewe Anselme alikuwa mtunza sakristia wa kanisa la huko, mshika funguo na vyombo vya misa. Mtungi ulikuwa mmoja wa jozi. Mbelgiji mwenye shamba la kahawa aliliachia kanisa mitungi yote miwili alipokuwa akiondoka, miaka mingi kabla Wivine hajazaliwa, na tangu hapo mitungi hiyo ilikaa kuume na kushoto kwa altare. Katekista wa zamani aliwafundisha kwamba mzee yule mwenye zabibu ni Nuhu, aliyepanda mzabibu baada ya gharika. Alipoulizwa mbona ana pembe, akajibu kwamba Musa naye katika picha za zamani ana pembe, na maswali yakaisha.

Mimi sikuweza kujizuia. Nilimweleza kwamba nimeona picha za namna hiyo vitabuni. Kwamba hivi vilisubiwa Ulaya, huenda zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa kuiga vyombo vya Warumi wa kale vilivyochimbuliwa chini ya majivu, na kwamba yule mzee ni mmoja wa wafuasi wa mungu wao wa pombe. Mjomba alinitazama kwa jicho la kuniambia ninyamaze. Wivine hakuudhika. Alisema miaka yote hiyo mzee huyo amesikiliza misa nyingi kuliko askofu, kama alikuwa mlevi basi ameshaacha.

Kisha akatuambia kilichomleta. Kila Pentekoste ilipokaribia, yeye na mumewe waliipeleka mitungi nyumbani mmoja mmoja, wakaisugua kwa majivu na ndimu. Siku waasi walipoingia Kavughe, mtungi wa kushoto ulikuwa mapajani mwake, wa kuume ulikuwa bado kanisani. Padri alikuwa safarini. Anselme alimwambia atangulie na watu, yeye anarudi mara moja kuitoa Ekaristi ili isichezewe. Wivine aliondoka na mtungi kwa sababu ulikuwa mikononi. Anasema hata hakukumbuka kuuweka chini. Jioni waliokuwa nyuma walieleza kwamba kanisa limeungua. Waliokufa humo hawakutambulika, wanajeshi wakawazika wote katika kaburi moja. Anselme hakurudi.

Ikawa ndiyo hivyo, miaka mitatu. Wengine waliotekwa wakatoroka msituni wakarudi, kwa hiyo Wivine alingoja, naye alikuwa na haki ya kungoja. Lakini maneno yakaanza. Mwezi mmoja kabla ya shambulio alikuja Kavughe mnunuzi wa vitu vya kale, akaipiga mitungi picha, akataka kuinunua, na Anselme ndiye aliyemfungulia mlango. Sasa mtungi mmoja haupo na mtunza sakristia hayupo. Christophe, aliyekuwa mwenyekiti wa parokia yao na sasa ni mkubwa wa wakimbizi wa Kavughe hapa Bwera, alisema hadharani kwamba lisemwalo lipo: Anselme ameuza mtungi na anakula maisha Kampala. Asiyekuwapo na lake halipo. Watu wakaanza kumwonea Wivine huruma ya aina ile inayouma kuliko tusi.

Na sasa kanisa jipya lilikuwa limejengwa. Padri angefika Bwera mwisho wa mwezi kukusanya kila kilichookolewa.

"Papa Danieri, mi naomba unifanyie ingine sawa na iyi," Wivine alisema. "Kama zote mbili zinafika mu mikono ya padri, nani atasema tena bwana yangu ni mwizi?"

Mjomba alimweleza shida, naye alimweleza kama fundi anavyomweleza fundi. Bronzi ikipoa hujikunyata. Ukiutia mtungi kwenye mchanga ukachukua umbo lake, mtungi utakaozaliwa utakuwa mdogo kuliko mama yake, si sana, ila ukiwasimamisha pamoja jicho litaona. Ingebidi auvike ule wa kwanza ngozi nyembamba ya nta kabla ya kuulaza mchangani. Ni kazi ya majuma.

Halafu akamuuliza kitu ambacho hakikuwa cha ufundi. "Na bwana yako ikirudi, ikikuta mtungi ya uongo?"

"Atacheka," Wivine akasema. "Anselme anapenda kucheka."

Mjomba akakubali. Mimi nilipinga, nikasema uongo wa altareni ni uongo mara mbili, naye akanipa chai.

Sasa ilitakiwa bronzi. Bronzi ya kweli haipatikani ovyo. Ya bomba za maji haifai kwa kazi kama ile. Mjomba alimwita Crispus, anayenunua vyuma chakavu hapa mpakani, akamwambia atafute bronzi ya zamani na awaulize watu wake wa ng'ambo. Crispus akaweka neno kwa waendesha baiskeli wanaovuka na mizigo, nao wakalipeleka mbali zaidi. Wakati huo mjomba alivika mtungi nta, akachekecha mchanga, akaanza kalibu. Wivine alikuja kila siku mbili tatu kutazama. Nilimkuta mara moja akiimba.

Crispus alileta gunia Jumamosi, asubuhi. Alisema bronzi hiyo nzuri sana imetoka Kavughe, imefukuliwa kwenye kanisa lililoungua. Alilisema hilo kama mtu anayesema nyanya zimetoka sokoni, hakujua chochote. Mjomba alisubiri aondoke, ndipo akalimwaga gunia.

Ndani mlikuwa na vipande vya kengele, na bonge moja kubwa. Nililitambua kabla sijajua nimetambua nini. Upande mmoja ulikuwa bado na uso wa yule mzee mwenye ndevu, umelegea kuelekea chini, jani moja la mzabibu na nusu ya kichala. Upande wa pili ulikuwa umeyeyuka ukashuka na kuganda juu ya vitu vingine. Mjomba alivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Funguo tatu za chuma kwenye pete. Bizimu ya mshipi wa mwanamume. Chuma hakiyeyuki kwenye moto unaoyeyusha bronzi, vilikuwa vizima humo.

Nilitaka kusema labda funguo zilianguka. Kisha nikaitazama ile bizimu. Mtu haangushi mshipi wake.

"Alikuwa anaibeba," mjomba alisema.

Alilirudisha bonge guniani, akalifunga gunia kwa kamba, akaliweka chini ya meza ya kazi na kulifunika kwa mchanga. Nikamwambia tumwite Wivine sasa hivi. Akasema, si leo. Nikamwambia jina la mumewe limesafishwa, hakuna tena haja ya mtungi wa uongo, anangoja nini? Akasema, nitamwambia. Lini? Akauliza kama wanafunzi wangu wameanza mitihani.

Nilikasirika kama sijakasirika maishani. Nilimwambia kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Nilimwambia kwamba hana haki ya kukalia kifo cha mume wa mtu kama anavyokalia kigoda chake. Mwishowe nikamwambia kwamba yeye ni mwoga, kwamba aliogopa kumzika mke wake mwenyewe na sasa anaogopa kwa niaba ya wengine. Maneno hayo yalinitoka na sikuyarudisha. Yeye aliendelea kukanda mchanga. Niliondoka na boda bila kuaga, nikarudi Kasese, nikakaa juma zima nikisahihisha daftari kwa hasira.

Yaliyotokea juma hilo niliyapata baadaye kwa mama yangu, anayekaa hatua chache kutoka karakanani. Wivine alikuja Jumatatu kuuliza kazi imefika wapi. Mjomba hakumwonyesha kazi. Alimwekea kiti, akamwomba amweleze Anselme ni mtu wa namna gani. Wivine alikaa mpaka adhuhuri. Alieleza jinsi Anselme anavyochelewa kula kwa sababu huzungumza na kila mtu njiani. Jinsi anavyolala na funguo za kanisa kiunoni, mpaka ikabidi Wivine alale upande wa pili wa kitanda. Jinsi alivyomposa kwa kumtengenezea baba yake paa, akaanguka, akaposea hospitalini. Mama anasema alisikia kicheko cha Wivine mpaka jikoni. Jumatano alirudi, mjomba akauliza tena. Ijumaa alirudi bila kuulizwa. Alikuwa na kitenge kipya. Siku zote hizo, anasema mama, kaka yake alimzungumzia Anselme kama mtu aliyepo: anapenda nini, anaogopa nini, hulalia ubavu gani.

Jumapili ya juma lile, baada ya misa, nilirudi Bwera nikiwa nimejiandaa kumwambia Wivine mwenyewe kama mjomba hajasema. Nilimkuta ameshamwita. Gunia lilikuwa juu ya meza.

"Mama Wivine," alisema, "mtungi ya kuume nimeipata. Sitatengeneza ingine."

Akafungua. Wivine aliusogelea uso wa yule mzee, akausugua kwa kidole gumba kama aliyekuwa ameshika ndimu na majivu. Kisha akalizungusha bonge. Alizitazama funguo, akashika ule mrefu wenye jino lililovunjika, akaitazama bizimu. Aliweka kiganja chake juu ya vile vyuma.

"Hakuuzisha," alisema.

"Hakuuza," mjomba akamjibu. "Alikuwa nayo mpaka mwisho."

Ndipo akakaa chini pale alipokuwa, na pale alipokuwa ndipo ilipokuwa kalibu ya mtungi wa pili, majuma mawili ya kazi, tayari kumiminiwa. Mchanga ulibomoka chini yake. Mjomba hakusogea kuuokoa. Alikaa naye kwenye mchanga huohuo, na Wivine akalia, na mimi nikalia, nikaona aibu kwa kuwa nilikuwa nimekuja na hotuba.

Walimzika Anselme Alhamisi. Walilaza mgomba katika sanda, na pembeni yake wakaweka lile bonge pamoja na funguo na bizimu. Christophe alifika mapema kuliko wote na jembe lake mwenyewe. Alichimba kaburi peke yake, akakataa kupokewa jembe, na alipomaliza akasimama mbele ya watu wote wa Kavughe, jasho likimtiririka, akasema kwamba Anselme alikufa akitunza alivyokabidhiwa na kwamba yeye, Christophe, alimsema vibaya. Wivine alimpa mkono. Padri alipokuja mwisho wa mwezi aliuchukua mtungi wa kushoto, akasema utakaa altareni peke yake, upande wa kuume utabaki wazi.

Mimi nilikuwa likizoni, nikabaki Bwera kumsaidia mjomba kuchekecha upya mchanga uliobomoka. Sikuwa nimemwomba radhi. Nilikuwa naitafuta njia, nanyi mnajua walimu tulivyo wazito katika hilo. Asubuhi moja Wivine aliingia, amevaa kitambaa cha wajane, akasimama mlangoni. Alisema amemkuta Crispus sokoni, na Crispus, asiyejua kunyamaza, amempa pole na kumtajia siku aliyoleta lile gunia.

Nilijua kitakachofuata, maana ndicho ambacho mimi mwenyewe ningekisema.

"Papa," alimuuliza, "ulikaa nayo siku ngapi?"

Mjomba hakuinua kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijibu swali lilipoulizwa.

"Nane."

Wivine akatikisa kichwa polepole, kama anayehesabu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Alisogea akamshika mjomba mkono wenye mchanga kwa mikono yake miwili, kama tunavyomshika mkubwa wetu.

"Izo siku munane nilikuwa ningali na bwana," alisema. "Aksanti, papa."

Mimi, niliyemwita mjomba mwoga, niliinama nikaanza kuchekecha mchanga ambao nilikuwa nimeshauchekecha.